Njuga za Mguu Mmoja

Jumapili, tarehe 10 Aprili 2016, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, basi la Nairobi liliondoka Bondo nikiwa nimepakata mkoba wenye njuga za marehemu babu yangu.

Naliaka na Mercy, mliniuliza habari za Dubai siku ileile ya kufungua shule, mbele ya bweni zima, nikasema "ilikuwa sawa tu" nikajifanya natafuta sahani. Mnanijua. Nikiangaliwa na watu zaidi ya wawili maneno yananikauka. Kwa hivyo nawaandikia. Mambo ya pasipoti na viza nayaruka, hayo Mama alishughulikia na hata mimi sikuyaelewa.

Bondo hadi Nairobi

Kwanza niwaeleze hizo njuga. Babu, ambaye sisi tulimwita Kwaro, alikuwa mpigaji wa nyatiti, kile kinubi chetu Wajaluo. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, nyatiti chini mbele yake, na mguuni amefunga ukanda wa ngozi wenye njuga za chuma. Vidole vikipiga nyuzi, mguu unakanyaga. Mguu wa kulia peke yake. Njuga zake zilikuwa kumi na mbili, nzito, nyeusi kama sufuria ya kuni. Alipofariki, nyatiti ilikwenda kwa mwanafunzi wake, Otoyo, na njuga zikabaki kwa nyanya yangu, Dani, ndani ya sanduku la nguo.

Mama yangu anafanya kazi Dubai mwaka wa nne sasa. Anasafisha na kupika kwa wazee wawili Waingereza, mume na mke. Anawaita Sir na Madam, hata akiongea nasi kwa Kijaluo kwenye simu. Mwezi wa tatu alipiga akasema, "Akoth, Sir anacheza ngoma ya kwao Uingereza, na wanafunga njuga miguuni kama Mzee! Lakini zake zimekatikakatika. Ukija niletee zile za Mzee, Sir azione."

Dani alizitoa sandukuni, akazifunga kwa leso, akanishika mkono. "Azione. Si azichukue. Otoyo atazivaa Jumamosi ya pili ya Mei, siku ya ukumbusho wa babu yako. Umesikia, nyathina, mtoto wangu?"

Nilisikia.

Sasa njiani. Kila basi lilipoingia shimo, njuga zililia. Tulipofika Kericho abiria mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Dada, huyo mbuzi wako umemlipia tiketi?" Basi zima likacheka. Nilitoa sweta nikazifunga zikanyamaza, nikaangalia dirishani mpaka Nakuru. Tulipasuka gurudumu baada ya Londiani tukakaa saa mbili kwenye baridi. Mama mmoja alinigawia nusu ya mahindi yake ya kuchoma akaniuliza nimebeba nini. Nikasema, "Vyombo vya jikoni." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na sikuona kama ni kitu.

Uwanja wa ndege

Mkoba ulipopita kwenye ile mashine ya kuangalia mizigo, askari aliusimamisha.

"Hii ni nini?"

"Njuga," nikasema. Mnajua sauti yangu.

"Njugu? Njugu gani zinaonekana kama risasi?"

"Njuga."

"Ndiyo, njugu. Za kukaanga au mbichi?" Akamwita mwenzake. "Otieno, njoo uone njugu za chuma!"

Huyo Otieno alipofungua leso aliangalia kidogo, uso ukabadilika. "Wacha mchezo. Hizi ni za mpigaji. Za nani?" Nikasema za babu. Akazitikisa mara moja, taratibu, watu wakageuka. Halafu akazifunga mwenyewe, vizuri kuliko nilivyokuwa nimezifunga. "Rudi nazo," akaniambia. Walikuwa wamenichelewesha nusu saa, nikakimbia mpaka mlangoni. Ndani ya ndege nilikula kila kitu nilichopewa, hata ile siagi peke yake.

International City

Mama alinikumbatia, akalia, akaniambia nimekonda, halafu akaniambia nimenenepa. Anakaa International City, chumba kimoja wanawake wanne, vitanda vya ghorofa na pazia kila kitanda. Mmoja alikuwa amekwenda likizo Uganda nikapewa kitanda chake. Anayelala chini yangu ni Bi Salma, mama mtu mzima wa Unguja, anashona kwenye duka la mabuibui. Muda wote niliokaa alinirekebisha Kiswahili.

"Nipatie chumvi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Nipatie! Nyie Wakenya mnaomba kama mnadai. Sema: naomba chumvi, Bi Salma."

"Naomba chumvi, Bi Salma."

"Haya, chukua mwanangu. Na usile kwa haraka, hakuna anayekufukuza."

Alipika samaki wa nazi siku hiyo. Nikisema nilikula sahani tatu mtacheka, lakini ni nne.

Treni, mpaka Jumeirah Lake Towers

Alhamisi nilikwenda na Mama kazini. Basi la kutoka International City mpaka metro lilikawia, tukasimama jua la saa moja asubuhi likichoma kama la saa saba. Kisha metro kutoka Rashidiya, behewa la wanawake na watoto, zaidi ya saa nzima. Njia yote nilikuwa nakariri sentensi moja ya Kiingereza. Mama alikuwa ameniambia, "Usiwe kama kawaida yako. Mwangalie machoni, umsalimie, umwambie umemletea njuga."

Nikaikariri hivyohivyo. Sir, nimekuletea njuga.

Wanakaa ghorofa ya ishirini na saba, chini unaona maziwa ya kutengenezwa na watu wadogo wakikimbia kando yake. Madam alinipa sharubati. Sir ni mrefu, ana ndevu nyeupe na kaptura, magoti mekundu. Nilisimama katikati ya zulia, nikamwangalia kifuani badala ya machoni, nikasema sentensi yangu nikamkabidhi leso kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa.

Alizifungua mezani. Alizishika moja moja.

"Umeniletea mimi?"

"Yes, Sir."

"Za babu yako? Mimi?"

"Yes, Sir."

Macho yake yakawa na maji. Mama alikuwa mlangoni na kitambaa cha vumbi, anatabasamu, kwa sababu Sir amefurahi. Mimi nilikuwa nishajua kwamba kuna kitu nimekosea ila sikujua kiko wapi.

Sir alikwenda chumbani akarudi na njuga zake. Ni pedi mbili za ngozi za kufunga chini ya magoti, zina vinjuga vidogo vya shaba kama vya paka, na nusu vimetoka. Akanieleza, na hii nitawaandikia kwa sababu niliipenda. Alisema baba yake alikuwa akicheza ngoma hii kijijini kwao, na wenzake, wamevaa nguo nyeupe na njuga, wanapunga leso na kugonganisha fimbo. Yeye akiwa kijana alikuwa anajificha nyuma ya ukuta asionekane kuwa ni mtoto wa yule. Hakuwahi kuicheza Uingereza hata siku moja. Alikuja Dubai, na kazini kwake kukawa na siku ya kila mtu kuonyesha cha kwao. Wahindi wakaleta ngoma zao, Walebanoni wakashikana mikono wakacheza, Wafilipino wakaleta mianzi.

"Sisi Waingereza," akasema, "tulileta chai."

Siku hiyo aliona aibu, akaanza kutafuta wenzake. Wakapatikana wanane, wote wazee, na mmoja ana kinanda cha mkono. Wanangoja kila Aprili, sikukuu ya mtakatifu wa nchi yao, wacheze.

Nilitaka kumwambia habari ya mbuzi wa kwenye basi. Niliifungua midomo kabisa. Lakini yeye alikuwa ameshainua leso anaangalia chini yake.

"Na wa pili uko wapi?"

Sikuelewa.

"Ukanda wa mguu wa pili. Ulipotea?"

Hapo ndipo ningesema. Hapana Sir, ni wa mguu mmoja, anayevaa huketi. Ni sentensi ndogo. Nilitikisa kichwa juu chini.

"Pole sana," akasema, na alimaanisha. "Basi tutazigawa. Sita kwa sita, zitatosha miguu yote."

Mama alileta mkasi wa jikoni. Mkono wa Sir unatetemeka siku hizi, akanipa mkasi mimi. Akasema ni haki yangu, mimi ni wa damu. Nilimwangalia Mama, Mama naye akaniangalia, tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. Ile ngozi ilikuwa ngumu. Ilibidi nikate mara tatu.

Karama

Jioni Mama alinipeleka Karama, kwenye mkahawa wa Wapakistani, akaniagizia wali wa kuku na mkate mkubwa kama mto wa kulalia. Nikamwambia, "Mama, Dani alisema azione tu."

Aliacha kula. "Azione tu?"

"Si azichukue. Ni za ukumbusho. Otoyo anazingoja."

"Sasa mbona ulimwambia umemletea?"

"Wewe ndiye ulisema niseme nimemletea!"

"Nilisema umemletea aone!"

"Hukusema aone. Leo asubuhi hukusema."

Na ni kweli, hakusema. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Sir na Madam wanaondoka Dubai mwisho wa Mei, wanarudi kwao moja kwa moja. Kuna madam mwingine jengo lilelile anataka mtu, lakini hamchukui yeyote bila barua ya Sir. Bila hiyo barua Mama anarudi nyumbani, na karo yangu mnajua inatoka wapi.

"Usithubutu kumwambia kitu. Acha barua itoke, halafu nitamwomba mwenyewe, polepole. Ni mtu mzuri."

"Na ule ukanda?"

"Utashonwa."

Tuliporudi chumbani nilimweleza Bi Salma. Aliweka sindano chini. "Ulimwambia *nimekuletea*? Ukampa kwa mikono miwili?"

"Ndiyo."

"Khalas, imekwisha. Mtu katoka safari, kasema nimekuletea, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Hiyo ni zawadi, mwanangu, hata kwa lugha ya mabubu. Mngesema *naomba uone*. Mimi si nilikwambia nyie hamjui kuomba?" Alikuwa anatania, kisha akaniona uso akaacha kutania.

Bustanini

Tarehe 23, Jumamosi alasiri, kwenye bustani ya hoteli. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Walikuwepo kama watu sitini, wengi Waingereza, na bendera nyeupe zenye msalaba mwekundu.

Tulipewa kiti karibu na mzee mmoja mwenye uso mwekundu sana. Akaniuliza kama nafurahia. Nikaona nijitahidi niwe mtu wa kuongea. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nyinyi Waingereza ngoma yenu ni nzuri, na lile zumari lenu la mfuko ambalo polisi wetu hupiga siku za sherehe nalo ni zuri.

"Mimi!" akasema. "Mwingereza!" Akaweka glasi chini. "Mimi ni Mskoti, binti. Na hilo zumari ni letu!"

Watu wakacheka, mimi nikatamani kuingia chini ya meza. Mama akanong'ona, "Ulimwambia nini?" Nikamwambia. "Lakini si wote ni Waingereza?" Hilo ndilo tatizo, kwetu wote tunawaita jina moja. Yule Mskoti hakukasirika, alininunulia aiskrimu akanieleza kwa dakika ishirini tofauti zao. Nilichoshika ni kwamba Waskoti wana sketi na zumari na kila mtu duniani anawajua kwa hivyo, na Waingereza wenyewe hawana kitu cha kuwatambulisha, ndiyo maana wanahangaika na njuga.

Kisha wakacheza. Mmoja alipiga filimbi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapiga ngoma ndogo inayoning'inia, vyote viwili mtu mmoja. Hilo lilinishangaza. Mwingine alipiga kinanda cha mkono. Wazee wengine nguo nyeupe, leso hewani, wanaruka. Wenzake Sir wote njuga zao zililia cheng'cheng'cheng', nyepesi kama sarafu mfukoni. Za Sir zililia chini. Mnajua sauti ya chuma kizito. Kila alipotua ilisikika ile sauti niliyolala nikiisikia nikiwa mdogo, lakini haikuja mahali pake. Kwaro alikuwa anakanyaga katikati ya nyuzi, unasubiri, halafu *chwa*. Hapa ilikuwa chwa chwa chwa tu, kushoto kulia, kama mtu anapanda ngazi. Watu walipiga makofi kwa nguvu. Mimi pia.

Baadaye Sir alinijia, anahema, jasho kwenye ndevu. Aliinama akafungua kanda zote mbili, akazishika mbele yangu.

"Nimekuwa nikifikiria," akasema. "Hivi ni vitu vya familia. Una hakika kwenu hawatazihitaji? Niambie kweli, sitakasirika hata kidogo."

Naomba mnielewe hapa. Hakunilazimisha. Hakuwa mwizi. Aliuliza vizuri kuliko nilivyowahi kuulizwa kitu na mtu mzima, akaningoja nijibu. Watu walikuwa wanatuangalia. Mimi nikafikiria barua.

"Hapana, Sir," nikasema. "Tuko nazo nyingi."

Akanikumbatia.

Kwenye metro Mama aliniuliza Sir alikuwa anasema nini. Nikamwambia. Vituo vitatu vikapita, kisha akafungua pochi akanionyesha bahasha.

"Barua. Alinipa jana," akasema. "Nilikuwa nangoja ngoma iishe nimwombe. Leo hii."

"Mwombe kesho."

"Kesho nimwambie nini? Kwamba mtoto wangu alimdanganya machoni? Ataona sisi ni watu gani, Akoth?"

Mwanamke mmoja wa Kifilipino alituangalia akageuza uso. Mama alirudisha bahasha kwenye pochi, akanishika goti, hakuliachilia mpaka Rashidiya. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kurudi

Sina mengi ya kuandika. Bi Salma alinipa mtandio na tende, akasema, "Fika salama, na ukasome lugha." Nairobi nilitafuta kwa macho yule askari Otieno, nikaomba asiwe zamu. Hakuwepo. Basi la Bondo halikuchelewa hata dakika, siku ambayo nilitaka lichelewe.

Nilifika jioni, Alhamisi tarehe 28. Dani alinipikia dagaa wa omena na kuon, ugali wetu, akaonja tende moja akasema ni tamu kama dawa ya kikohozi. Kisha akatandika kanga mezani, sehemu ya kuweka njuga.

Nikasema walizichukua uwanja wa ndege.

Lilitoka lenyewe. Nilisema kuna askari waliosema zinafanana na risasi, na hilo lilikuwa karibu na kweli, kwa hivyo nililisema vizuri, hata sikukwama. Dani alikunja kanga polepole.

"Walikuandikia karatasi?"

"Hapana."

"Maskini mtoto. Walikutisha." Akanishika kichwa, akaniombea kwa Mungu nilale vizuri.

Ijumaa

Asubuhi nilimkuta Dani uani amevaa viatu vya kanisani na kitambaa kichwani. Mkononi alikuwa na kitambulisho chake, na picha ya Kwaro iliyotolewa kwenye fremu, ile ameketi na nyatiti, mguu wa kulia mbele.

"Vaa sweta," akaniambia. "Tunakwenda kwa chifu. Ataandika barua ya uwanja wa ndege. Nimebeba picha ili waone njuga ni zake. Wewe utawaeleza ni askari yupi."

Tulitoka. Anatembea polepole kwa sababu ya nyonga, na kila tuliyekutana naye alimsimamisha akamweleza. Mama wa posho mill, anayesaga unga, alisema serikali haina huruma. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasema yeye ana binamu Embakasi, hukohuko uwanja wa ndege, atampigia. Wote waliniangalia kwa kunionea huruma. Tulipofika mti wa mwisho kabla ya ofisi ya chifu, nilimshika mkono.

"Dani, hawakuzichukua. Nilimpa Sir."

Alisimama. Nikamwambia yote, pale barabarani, bila kupumua. Nimekuletea, na mkasi, na kuulizwa, na "tuko nazo nyingi". Hakunikatiza. Nilipomaliza aliangalia picha kwanza, halafu mimi.

"Alizivaa?"

"Ndiyo."

"Akacheza?"

"Ndiyo."

"Mguu gani?"

"Yote miwili."

Nilimwona anahesabu. "Zilikuwa za mguu mmoja," akasema.

"Tulikata ukanda, Dani. Mimi ndiye nilikata."

Alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara, akavua viatu vya kanisani kimoja kimoja, akavikung'uta ingawa havikuwa na vumbi. Akavishika mkononi pamoja na kitambulisho. Picha akanipa mimi.

"Mimi narudi nyumbani," akasema. "Wewe pita kwa Otoyo umwambie asingoje. Umwonyeshe hiyo, azione vizuri zilivyofungwa, labda atapata mhunzi. Na Akoth."

"Ndiyo, Dani."

"Usiseme askari."

Kwa Otoyo ni mwendo wa dakika arobaini. Nilimkuta anakaza nyuzi za nyatiti nje ya nyumba, mgongo kwangu, hajanisikia. Kwa kawaida ningesimama pale langoni mpaka mtu anione. Nilibisha hodi.